Mtu Asiyekosekana

Honi ya kwanza ya treni ilikuwa imeshapigwa simu ilipoita. Mume alikuwa anapandisha sanduku la mwisho kwenye rafu iliyo juu ya viti, na binti yao, ambaye kwa wingi wa maneno walimwita Chiriku, alikuwa ameshakamata upande wa dirisha na kuanza kumweleza abiria wa kiti cha mbele kwamba wanahamia kwa baba, wote, mama pia, na kwamba mama safari hii harudi. Mama mwenyewe aliitazama simu kiganjani. Mume aliitazama simu, kisha akamtazama mkewe. Hakuna aliyehitaji kuuliza nani anapiga.

"Pokea," mume alisema. "Usipopokea watapiga mpaka betri ikate roho."

Alipokea. Aliyepiga alikuwa Mkurugenzi wa kazini kwake, na nyuma ya sauti yake zilinguruma injini. Programu ya kugawa dawa imegoma tangu alfajiri, haitoi orodha za mizigo. Malori yamejipanga getini, masanduku ya baridi yameshapakiwa, chanjo zinaanza kuota jua, na hakuna dereva anayejua apeleke nini wapi.

"Funguo, mama yangu, nisitiri," Mkurugenzi alisema kwa ile sauti yake ya kubembeleza isiyoacha nafasi ya kukataa. "Saa moja tu. Treni si zipo."

Treni hazikuwapo kila siku, na Mkurugenzi alilijua hilo. Mwanamke akasema anakuja.

Watu waliompisha apite kuingia ndani sasa ilibidi wampishe tena atoke, na mmoja akauliza kama mama amesahau kitu.

"Ameitwa kazini," mume alijibu kwa niaba yake.

"Jumamosi yote hii?"

"Jumamosi yote hii."

Chiriku akaliacha dirisha. "Mama, unashuka?"

"Nakuja na treni inayofuata, mwanangu."

"Basi na mimi nashuka."

Mume aliketi. Alikuwa mpimaji wa ardhi, mtu wa kufumba jicho moja na kutazama mbali kabla hajasema neno, na hata sasa hakupandisha sauti. "Chiriku hashuki," alisema. "Shule inafunguliwa Jumatatu, na hiyo nafasi nimeihangaikia. Sikunyang'anyi mtoto, mke wangu. Lakini tuseme ukweli, huyu analelewa na jirani. Kama ni kulelewa na mmoja, bora alelewe na baba yake. Wewe siku watakayokuachilia, nyumba ni yako."

Honi ya pili ikapigwa, naye mama akashuka. Alipofika chini alisogea hadi kwenye dirisha lao. Chiriku hakumpungia mkono. Alikuwa anamtazama baba yake usoni, kama anayengoja kuambiwa kwamba huu wote ni utani.

Kazini walimwita Funguo, na kwa miaka mingi jina hilo alilivaa kama mkufu. Mtaani walijua tu kwamba anaandika kodi, na kwa kuwa kodi ya watu wengi ni ile ya nyumba au ya serikali, kuna wapangaji waliomwamkia kwa heshima ya ziada mpaka walipogundua kwamba hana uwezo wa kumpunguzia mtu hata senti. Kodi yake ilikuwa mistari ya maneno kwenye kompyuta, ile inayoiambia mashine ifanye nini, lini na kwa nani.

Programu ile aliiandika peke yake, akiwa ndiyo kwanza ametoka chuoni na kampuni ina malori mawili yaliyochoka. Aliipenda kazi kwa mapenzi ya kweli. Ukiandika sawasawa mashine inatii, ukikosea inakuambia umekosea, na haikuwekei kinyongo. Kuna asubuhi alisahau chai mpaka ikaota utando, akiwa amekaa mbele ya tatizo dogo kama mtoto aliyekuta siafu wanahama. Kisha kampuni ikakua. Kila wiki ilikuja na haja yake, kila haja ilitakiwa jana, na yeye alishona kiraka juu ya kiraka mpaka nguo yenyewe haionekani tena. Hakuna aliyesoma alichoandika. Hakuna jaribio lililowekwa la kuonyesha kama kiraka kipya kimepasua cha zamani. Programu mpya zilitoka kwenye kompyuta yake kwenda kwenye seva, ile kompyuta kuu ya kampuni, kwa mkono wake mwenyewe, kwa mpangilio aliokuwa nao kichwani. Kwenye tafrija ya mwisho wa mwaka Mkurugenzi alimsimamisha mbele ya watu akasema, huyu ni mtu asiyekosekana. Watu wakapiga makofi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Yeye hakutia maji, alitia kiburi kidogo, na kiburi kikafunga mlango kutoka nje.

Siku ile ya treni hitilafu yenyewe ilikuwa ya kuchekesha. Kulikuwa na kituo kipya cha afya ambacho jina lake linaanza na Ng', na programu ilikuwa imekwama kwenye ile alama ndogo ya juu, kama mfupa wa samaki kooni. Alifuta alama kwenye jina, orodha zikatoka, malori yakaondoka. Wahudumu wa kituo kile wangepokea dawa zao chini ya jina lisilosomeka, lakini wangezipokea. Mkurugenzi akamletea soda baridi kwa mkono wake mwenyewe.

"Tungefanyaje bila wewe?" alimwambia.

Alikuwa amelisikia swali hilo mara zisizo na idadi, na kila mara lilimpendeza. Safari hii lilimwingia kama kufuli linavyobana. Aliinywa soda yote, kwa sababu aliletewa, akarudi nyumbani. Mlangoni kulikuwa na ndara za Chiriku, zile alizoambiwa aziache kwa kuwa zimechakaa. Nyumba ilinyamaza kwa namna ambayo hajawahi kuisikia. Mtoto yule alikuwa akiongea hata na sufuria.

Jumatatu aliingia kwa Mkurugenzi na kusema neno alilokuwa amepanga kumwandikia kwa barua akishafika kwa mume: anaomba kuacha kazi. Mkurugenzi alicheka kwanza. Alipoona mwenzake hacheki akafunga mlango.

"Nikuongezee kiasi gani?"

"Si pesa, bosi."

"Kila mtu husema si pesa mpaka aione."

"Mume wangu yuko mbali mwaka wa pili sasa. Mwanangu naye amekwenda juzi. Ninachokitaka wewe huwezi kuniongezea."

Mkurugenzi alitazama dirishani, kule yanakoegeshwa malori. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea mzigo wake kubebwa na mwingine, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. "Ukiondoka leo, kesho kuna kituo hakina dawa ya kifafa," alisema taratibu. "Unaweza kulala na hilo?"

Hakuweza, na wote wawili walijua. "Nipe mtu nimfundishe," alisema. "Siku akiweza kuishika peke yake, uniachilie."

"Nani? Vijana wote nimewapeleka kwenye mradi mpya." Mkurugenzi alifikiri, kisha akatabasamu kidogo. "Mchukue Kwanini."

Kwanini alikuwa mwanamume wa makamo aliyefundisha hesabu shule ya msingi mpaka alipofika arobaini, ndipo akajifunza kuandika programu baada ya vipindi vya mchana. Jina alipewa ofisini kwa sababu hakuna kikao alichokiacha kiishe mapema. Vijana waliwekeana zamu ya kukaa karibu naye. Funguo alitoka pale akijua kwamba amepewa mtu ambaye Mkurugenzi hakutarajia afike popote.

Alianza kumfundisha kama mtu anayemwelekeza mgeni njia huku anatembea. "Hii unaiendesha asubuhi kwanza, halafu ile. Ukigeuza, mizigo inajirudia."

"Kwa nini inajirudia?"

"Ndivyo ilivyo."

"Ndivyo ilivyo si sababu, dada. Jibu hilo nililikataa hata kwa watoto wa darasa la nne."

"Mwalimu, tukienda hivi hatutamaliza."

"Tutachelewa kumaliza. Hayo ni mambo mawili tofauti."

Alikuwa mzito kweli. Alisoma mistari kwa kidole, midomo ikitikisika. Alipokuta jina ambalo Funguo alikipa kipande cha programu enzi za haraka, jina kama "jumla2b", aliuliza jumla ya kwanza iko wapi na jumla2a ilikufaje. Funguo hakukumbuka. Kila hitilafu ilipotokea, Kwanini alivuta kiti na kuanza kutafuta, na kila mara uvumilivu wa Funguo ulikatika kabla hajafika. Alinyoosha mkono, akaichukua kibodi, akaandika, ikapona. "Umeona?" aliuliza.

"Nimeona ikipona," Kwanini alijibu. "Ugonjwa sijauona."

Jioni alimpigia Chiriku. Wiki za kwanza simu ilikuwa mto uliofurika: mwalimu ana gari bovu, kuna msichana anaitwa kama shangazi, baba amechoma wali. Alicheka mpaka jirani akasikia. Kisha maneno yakaanza kupungua. Siku moja aliuliza, "Shule vipi?" mtoto akajibu, "Nzuri." Alingoja lile lingine lifuate, kama zamani. Halikufuata.

"Anasoma vizuri," mume alisema alipoichukua simu. "Usijali. Ni kukua tu."

"Anakua hivyo, ndani ya wiki chache?"

"Mbele yangu anakua polepole. Kwako wewe unayekutana naye kwenye simu, lazima uone anaruka."

Alipopata nafasi alipanda treni ya Ijumaa, akafika Jumamosi, akaondoka Jumapili. Kila alipofika alikuta jambo dogo linafanyika pasipo yeye. Chiriku alikuwa amejifunza kusuka nywele zake mwenyewe, mafungu mawili, moja nene kuliko jingine. Baba alikuwa amejifunza kupiga pasi marinda. Mama akasema, njoo mama akusuke vizuri, na mtoto akaja, akakaa katikati ya magoti yake kwa adabu, mgongo umenyooka, kama mtu aliye saluni.

Katikati ya msimu wa mvua Kwanini alikuwa anafuatilia hitilafu kwenye hesabu za akiba ya ghala. Funguo alivumilia, akavumilia, mkono ukanyooka kuelekea kibodi. Kwanini hakuiachia. Aliishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika sinia lenye vitu vya moto.

"Dada," alisema, "niulize swali moja la nje ya kazi?"

"Uliza."

"Unataka kuondoka hapa, au unataka kuombwa usiondoke?"

Alimtazama. Hasira ilimpanda mpaka masikioni. Alitoka nje, akapita kati ya makreti matupu, akasimama karibu na ukuta ambako madereva huosha matairi. Alikuwa na majibu mengi. Kwamba anapoteza mtoto. Kwamba ameomba kwa mdomo wake. Lakini alijua pia kwamba ile dakika hitilafu inapokufa chini ya vidole vyake na watu wote chumbani wanashusha pumzi, hakuna mahali pengine duniani anapojisikia mzima kama pale. Mchongoma aliupanda mwenyewe, tawi kwa tawi, akishangiliwa. Kushuka ndiyo ngoma.

Alirudi ndani. Kwanini alikuwa bado na kidole kwenye mstari uleule.

"Hama," alimwambia. "Kaa kwenye kiti changu. Mimi nitakaa hapo pako."

Tangu siku hiyo walifanya kazi kwa namna nyingine. Hawakugusa sehemu yoyote kabla hawajaiandikia jaribio, kipande kidogo cha programu kinachouliza swali la kijinga tu: je, dawa za kituo hiki zimo kwenye lori hili? Jibu likiwa ndiyo, wanasonga. Likiwa hapana, wamejua wao kabla ya dereva kujua. Majina ya haraka waliyafuta wakaweka majina ya watu wazima. Ule mpangilio wa kuipeleka programu kwenye seva, alioubeba kichwani miaka yote, waliuandika ukawa amri moja ambayo yeyote angeweza kuibonyeza. Alipoandika yeye, Kwanini alisoma. Alipoandika Kwanini, yeye alisoma. Mara ya kwanza Kwanini kumrudishia mistari yake na kusema hapa sielewi, alihisi uso unawaka. Mara ya kumi alikuwa anaingoja kwa hamu.

Alishangaa kwamba anaifurahia kazi. Ile furaha ya enzi za chai yenye utando ilikuwa imerudi, ila sasa ilikuwa na mtu wa pili ndani yake. Akaanza kuihesabia hasara miaka yote aliyokaa peke yake kwenye kile chumba, akisifiwa. Jambo hilo lilimuuma karibu sawa na lile la mtoto.

Hitilafu kubwa ilikuja asubuhi ya siku ya chanjo. Malori yote yalikuwa getini, jua limeanza kukomaa, na orodha hazitoki. Mkurugenzi aliingia chumba cha kompyuta na madereva watatu nyuma yake, mmoja bado ana mswaki mdomoni.

"Funguo, haraka."

Kwanini alikuwa ameshakaa kwenye kiti. Funguo alikuwa kando yake, kikombe mkononi. Macho yake yalikuwa yameshaona. Kituo kingine kipya, jina lenye ng' katikati. Angeifuta ile alama, ingekuwa imekwisha, na soda ingekuja.

"Anaishughulikia Mwalimu," alisema.

"Sikumwita Mwalimu. Nimekuita wewe."

"Anaiweza."

Mkurugenzi aliwatazama madereva, kisha yeye. "Mimi nakulipa mshahara wa nini hasa?" aliuliza, sauti ikiwafikia hata waliokuwa kwenye korido. "Wa kunywa chai?"

Dereva wa mswaki alicheka. Wengine wakacheka kwa kumfuata. Funguo aliweka kikombe mezani, na mikono yote miwili akaikalia, kama mtoto aliyeonywa asiguse kitu dukani.

Kwanini alikuwa anatoka jasho kwenye shingo. "Kwa nini inakufa kwenye hili tu?" alijisemea. Alifika kwenye jina. Akaliwekea kidole. "Dada, hapa kuna mahali tulifuta alama kwenye jina la kituo. Kwa nini tuwafutie watu jina lao? Si tuifundishe programu ilisome?"

"Ifundishe," alisema.

Alirekebisha, akaendesha majaribio, moja likaanguka. Kumbe alipofungua mlango huo aliufunga mwingine, na vituo vya upande wa mlimani vilikuwa vimetoweka. Bila lile jaribio malori yangeondoka bila dawa zao na hakuna ambaye angejua mpaka mgonjwa alie. Kwanini alijikuna kichwa, akarudi mwanzo. Mkurugenzi alitoka, akaingia, akatoka. Barafu iliongezwa kwenye masanduku. Funguo alikuwa amekalia mikono mpaka vidole vikafa ganzi, akijua jibu liko wapi, akiliona kama mtu anayeona mtoto wake anavuka barabara na hawezi kumwita asije akamshtua.

Majaribio yalipopita yote, Kwanini alibonyeza ile amri moja, orodha zikatoka. Kituo kilisomeka jina lake kamili. Yale malori yaliyozoea kuondoka asubuhi yaliondoka jua limesimama utosini, na mchana Funguo akapewa onyo la maandishi kwa uzembe. Alilitia sahihi. Kwanini alitaka kwenda kumtetea, akamkataza.

"Acha. Ndiyo risiti yangu ya kutoka hapa hiyo," alisema.

Mwezi uliofuata hakuna aliyempigia simu siku ya mapumziko. Alipokwenda kuomba ruhusa ya kuacha kazi kwa mara ya pili, Mkurugenzi hakufunga mlango.

"Sawa," alisema, akiendelea kusoma kitu kwenye skrini. "Malizana na wa rasilimali watu. Kompyuta iache."

Alingoja. Hakujua anangoja nini. Alikuwa ameifanyia kazi sentensi hiyo tangu siku ya treni, na sasa alipopewa ilikuwa nyepesi kiasi kwamba haikujaza kiganja.

"Basi, bosi. Asante kwa yote."

"Haya, mama. Kila la heri." Kisha, kama mtu aliyekumbuka adabu, akaongeza, "Uliifanya kazi nzuri, enzi zile."

Getini mlinzi aliyekuwa akimfungulia bila kuangalia miaka yote alimwomba afungue begi. "Samahani, Funguo. Ni amri, kwa wanaoondoka." Alipapasa ndani, akakuta kanga, chaja, pakiti ya biskuti, akaona aibu kuliko yeye. Kwanini alikuwa amesimama pembeni kumsindikiza. Alikuwa amevaa tai. Funguo alitambua kwamba ameivaa kwa ajili yake.

"Huko unakokwenda wamekupokea?" Kwanini aliuliza.

"Kampuni ndogo. Wanatengeneza programu ya kumbukumbu za wagonjwa. Mshahara umepungua, lakini wako watatu, na wanasomeana kazi. Walinihoji kwa simu. Wakaniuliza kazi gani najivunia kuliko zote."

"Ukawaambia ipi?"

"Nikawaambia ile ninayoiacha inaendelea pasipo mimi. Nikadhani nimeharibu."

Kwanini alicheka, kicheko cha darasani, cha kuficha mdomo. Kisha akampa mkono, na alipoutoa akageuka haraka akarudi ndani, maana kazi ilikuwa inamngoja.

Nyumba ya mume ilikuwa vyumba viwili na kibaraza, safi kwa usafi wa kijeshi. Chiriku alimpokea vizuri. Alichukua begi, akamletea maji, akasema shikamoo mama. Usiku alilala na mama yake, mikono imekunjwa kifuani, upande wake wa kitanda, asimguse.

"Mpe muda," mume alimwambia asubuhi, wakiwa wawili jikoni. "Alikulilia sana mwanzoni. Sikukuambia."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ungefanya nini? Ungelia na wewe, halafu mngelia wawili, mimi katikati na treni hakuna."

Jumamosi simu iliita, na moyo ulimruka kwa mazoea ya zamani. Alikuwa Kwanini. Hakukuwa na hitilafu. Alitaka tu kumpa taarifa, alisema, maana aliona ni heshima ajue. Ile sehemu ya kwanza kabisa, aliyoiandika Funguo wakati wa malori mawili, ameiondoa. Ameiandika upya.

"Majaribio yamepita?"

"Yote, dada."

"Vizuri."

"Hujakasirika?"

Alikuwa kibarazani. Ng'ambo ya barabara mtu alikuwa anapaka rangi geti. Aliikumbuka mistari ile mmoja mmoja, na yule msichana aliyeiandika, aliyedhani atakaa ndani ya programu ile milele kama jina lililochorwa kwenye saruji mbichi. "Sijakasirika," alisema. "Ila nipe kidogo niomboleze." Na Kwanini, ambaye hakuwahi kuacha jambo bila kuuliza sababu yake, safari hii hakuuliza.

Kazi mpya ingeanza Jumatatu. Jumapili mchana alikwenda dukani kununua mkate, aliporudi akakuta begi lake liko mlangoni, limefungwa. Juu yake koti lilikuwa limekunjwa vizuri, mikono ndani. Chiriku alikuwa amekaa kwenye kizingiti, anamngoja.

"Nani ameweka begi hapa?"

"Mimi. Nimekufungia." Mtoto alisimama akajifuta mikono kwenye gauni. "Ile nguo yako ya bluu ilikuwa na unyevu, nimeianika kwanza ikakauka. Na mkate unaweza kula njiani. Baba alisema kila ukija tusikucheleweshe, treni haimngoji mtu."

Alisema hivyo bila uchungu wowote, kwa sauti ya mtu aliyezoea kazi yake na anayeifanya vizuri. Mama aliutua mkate chini. Akapiga magoti hapo mlangoni, akafungua zipu. Ndani vitu vyote vilikuwa vimepangwa kwa safu, viatu kwenye mfuko wake, mswaki umefungwa kwa karatasi ili usichafuke.

"Siondoki, mwanangu."

Chiriku alimtazama usoni, kama alivyozoea kumtazama baba yake akitaka kujua kama jambo ni kweli. "Mpaka Ijumaa?"

"Hata Ijumaa."

Mume alikuwa ametokea nyuma yao. Aliingia chumbani, wakamsikia anaburuta kasha la vifaa vyake vya kupimia kutoka kwenye rafu ya chini ya kabati, kasha lililojaza rafu nzima, na kulisukuma chini ya kitanda. Mama akatoa nguo ya bluu, akampa Chiriku. Chiriku akaipeleka kwenye rafu, akarudi. Akapewa viatu, akavipeleka, akarudi. Alifanya hivyo kimya, bila haraka, na kila aliporudi alitazama begi limebakiza nini.

Mwisho likabaki koti. Mtoto alilishika, akalipima uzito mikononi, koti lile zito la kuvaa kwenye treni.

"Hata hili?" aliuliza.

"Hata hilo."

Chiriku aliondoka nalo. Alipofika mlango wa chumba akasimama, akageuka, akaanza kueleza kwamba rafu ya chini ina mchwa upande wa kushoto, kwa hiyo nguo nyeupe zisiwekwe huko, na kwamba baba hajui lakini yeye anajua, na kwamba kuna mwalimu mmoja shuleni ambaye koti lake lililiwa na mchwa mfukoni mpaka pesa zikadondoka, na kwamba mwalimu huyo ndiye mwenye lile gari bovu, halafu unajua, mama, lile gari.